Bei ya Nyumba ya Shemeji

Wenzangu mliobaki ofisini mliniomba niandike kitu kabla sijasahau. Kusahau bado, ila nimestaafu, na mtu aliyestaafu hana tena kisingizio cha kazi nyingi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo mnavijua, na mishahara yetu haina cha kusimulia. Nitaandika juu ya bei za nyumba, jinsi watu wetu wa Mara wanavyozitaja na wanavyozificha, kwa sababu hilo ndilo lililonihangaisha tangu niajiriwe kuwa mthamini hadi nilipokabidhi ufunguo wa kabati.

Niliripoti Musoma nikiwa nimevaa viatu vya visigino. Mkuu wangu, Mzee Magesa, aliviangalia, akachukua kofia yake na kunipeleka kwa miguu kupima nyumba kwenye mtaa ambao majabali yake yana ukubwa wa nyumba zenyewe. Kufika mchana viatu nilikuwa nimevibeba mkononi. Kesho yake nilikuja na raba, naye akanisalimia kwa mara ya kwanza kama mtu anayetegemea kuniona tena.

Alinikabidhi ncha ya futi kamba, akaniambia mwenye kushika ncha ndiye anayeonwa na mbwa kwanza, kwa hiyo nijifunze haraka nipande cheo. Tulipima kuta kwa nje, tukahesabu madirisha, tukatazama kenchi za paa kama ni mbao au ni miti. Siku hizi mna vishikwambi na picha za kutoka angani, na sina neno navyo, lakini picha ya kutoka angani haionyeshi nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma umeshikiliwa na mti wa mpapai. Watu nao walinichukulia nilivyofanana. Mwanamke mwenye faili na raba, basi ni nesi wa chanjo. Nimewahi kuletewa watoto watatu nje ya mlango kabla sijasema nimekuja kupima nyumba.

Kupima lakini ni nusu ya kazi. Thamani ya nyumba ni bei ambayo mtu asiye na dhiki angemuuzia mtu asiye na haraka, na ili uijue lazima ujue nyumba za jirani ziliuzwaje. Hapo ndipo Mzee Magesa alipokuwa mwalimu hasa. Alisema, "Binti yangu, huku kwetu nyumba moja inakuwaga na bei mbili. Kuna ya kuiambia serikali na kuna ya kumtambia shemeji. Ya serikali ni ndogo kuliko ukweli, ya shemeji ni kubwa kuliko ukweli. Wewe unalipwa kutafuta iliyo katikati."

Alinikataza kuuliza bei mlangoni. Kwanza salamu, halafu mvua, halafu mihogo au ng'ombe kutegemea uko wapi, na bei iulizwe wakati umeshafunga faili na umesimama kuondoka. Na usiseme "Ulinunua kwa bei gani?" Sema "Ulimpa nini aliyekuuzia?" Swali la kwanza linajibiwa na mlipa kodi, la pili linajibiwa na mtu.

Nilielewa maana yake nilipokwenda Nyamuswa. Kulikuwa na duka la vyumba vitatu pale senta, mwenye nalo akaniambia alimpa aliyemuuzia fahali wawili, mitamba kadhaa, na baiskeli. Nikafunga safari ya mnadani kuuliza mtamba wa mwaka ule ulikuwa na bei gani. Madalali walinicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akaniuliza kama serikali imeanza kutoza kodi kwa ng'ombe anayelala ndani ya duka. Nilipata jibu langu hata hivyo, na tangu siku ile nilipohitaji bei ya nyumba maeneo ya Mugeta na Nyamuswa nilipitia mnadani kwanza.

Buswahili, upande wa Butiama, shida ilikuwa nyingine. Kila niliyemuuliza alimpa nini aliyemuuzia alijibu, "Sikununua, nilipewa." Baba mkubwa alimpa, au mjomba, au ukoo ulikaa ukaamua. Nilirudi ofisini nikiwa na faili lisilo na bei hata moja, nikasema wale watu wananificha. Mzee Magesa akasema hawafichi, wamepewa kweli. Akanifundisha kanuni ambayo nawaachia na ninyi: bei ya ndugu kwa ndugu usiiweke kwenye hesabu zako. Ndugu anauziana na ndugu yake mambo mengi kwa wakati mmoja, nyumba ikiwa mojawapo tu.

Sasa nifike Bunda, maana ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Miaka ile kodi ya majengo ilifuata thamani ya jengo. Wengi wenu mmekuta inakatwa kwenye umeme kwa kiwango kilichopangwa, na hamjawahi kuona mwananchi akija na notisi mkononi huku midomo inamcheza. Kampuni ya kukodi ilikuwa imethamini mitaa kadhaa ya mjini, vijana wazuri tu, wenye vifaa na haraka. Mimi nilihamishiwa Bunda kazi ikiwa imekwisha, jukumu langu likiwa kupokea mapingamizi. Mtu aliyeona thamani imezidi alikuwa na muda wa kupinga mbele ya baraza, na ilibidi aonyeshe kwa nini.

Bi Zuhura alikuja asubuhi, mama wa makamo, fundi cherehani, mjane wa fundi seremala. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, viwili amepangisha, viwili anaishi na wajukuu. Thamani iliyoandikwa kwenye notisi ilikuwa ya nyumba yenye marumaru.

Nilimwambia, "Shikamoo mama. Keti kwanza."

"Marahaba. Nikiketi kodi itapungua?" Aliketi. "Mwanangu, mimi sikatai kodi. Mume wangu alilipaga kila mwaka, na mimi nalipaga. Lakini hii siiwezi. Kaka yangu wa Kigoma ananiambia niuze nirudi kwao. Nirudi kufanya nini? Kigoma niliondoka sina hata meno ya ukubwani."

Alikuwa anacheka, lakini alikuwa ameshaongea na dalali. Alimtaja jina. Nikamwambia asiuze kitu mpaka tufike barazani.

Nilichunguza jinsi kampuni ilivyofika kwenye ile thamani. Walikuwa wametumia nyumba iliyopakana naye ukuta kwa ukuta, iliyofanana na yake karibu kwa kila kitu, iliyouzwa si zamani kwa milioni thelathini na nane. Mkataba ulikuwepo, umeshuhudiwa ofisi ya mtaa, na mnunuzi mwenyewe alipoulizwa alitamka bei hiyo hiyo kwa sauti. Kwa kanuni, kijana wa kampuni hakukosea. Hata mimi ningeanzia hapo.

Nikamwambia Bi Zuhura dawa ni moja. Atafute majirani walionunua nyumba mtaa ule wakubali kusema walinunua kwa bei gani. Alinitazama kama nimemwambia akaulize watu umri wa mama zao. Pale mtu akikuuliza bei ya nyumba yako anataka kukukopa au kukuroga. Lakini alikwenda, mlango kwa mlango, na akina mama wenzake aliowashonea sare za watoto wao hawakumwacha. Muuza dagaa mmoja alikubali kuja barazani. Mwenye bodaboda mmoja naye alikubali, kwa sharti mkewe asijulishwe, kwa kuwa mkewe alijua bei nyingine. Wote wawili walikuwa wamenunua kwenye ishirini na mbili hivi.

Nilijua baraza litauliza swali moja. Hizo nyumba mbili ziko mwisho wa mtaa, hii ya thelathini na nane iko ukutani kwake. Kwa nini tuache ya karibu tuchukue za mbali? Bila jibu la swali hilo Bi Zuhura alikuwa amekwisha.

Nikaenda kwa jirani huyo. Aliitwa Wambura, mzee wa Mugeta, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mkubwa wa sauti na wa mwili. Mkewe aliitwa Mama Ghati, kwa jina la binti yao wa kwanza, mwembamba na mkimya, akaniletea maziwa ya mgando kwenye kikombe kilichojaa mpaka mdomoni. Tulisalimiana, tukaongea mvua, tukaongea ng'ombe. Nikafunga faili, nikasimama, nikauliza alimpa nini aliyemuuzia.

"Thelathini na nane," alisema. "Cash. Aliyeniuzia ni shemeji yangu, kaka yake huyu mama hapa. Mtaa mzima unajua. Kuna shida?"

Nikasema shida ipo kwa jirani yake, na nikaeleza. Wambura alimheshimu Bi Zuhura, hilo lilionekana, maana alishusha sauti. Lakini alisema, "Sasa mimi nifanyeje, mama? Nidanganye? Nilitoa thelathini na nane, na pesa ilihesabiwa mbele ya wazee."

Alipotaja shemeji nilikumbuka kanuni ya Magesa, na nilijua kuna kitu. Lakini kujua kuna kitu si ushahidi, na undugu peke yake kwa kawaida hushusha bei. Hapa ulikuwa umeipandisha. Nilipoaga, Mama Ghati alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika kwenye mtaro akasimama.

"Mwanangu, kama mtu alilipa vitu viwili kwa mkupuo mmoja, nyie mnaandikaga kipi?"

"Tunaandika tulichoambiwa, mama. Tukiambiwa ni viwili, tunavitenganisha."

"Na ukiambiwa hapa barabarani?"

"Hapa barabarani sijaambiwa. Inabidi isemwe kule barazani, na mwenye nayo."

Alitikisa kichwa polepole. Halafu akaniambia kwamba binti yake Ghati amepata mchumba, na kwamba watu wa mchumba wanakuja mwezi ule kuongea mahari. Alilisema kama habari nyingine ya kunisindikiza nayo, akarudi zake. Nilibaki pale mtaroni nikiwa nimeelewa, nikatamani nisingeelewa.

Kwa yeyote anayesoma na hakuzaliwa kwetu, nieleze. Mwanaume anaweza kuoa, akazaa, akazeeka, na ng'ombe za mahari zikiwa hazijaisha. Wakwe wanavumilia. Wanaweza kuvumilia miaka mingi bila kusema neno, na siku moja wakasema yote. Mtu aliyemaliza hujisifu. Aliyebakiza hanyanyui kichwa kwenye vikao vya wakwe, na mkewe huwa na neno la kupigiwa na mawifi. Na anapofika wakati wa kudai mahari ya binti yake mwenyewe, atadai kwa mdomo gani? Wambura alikuwa amemaliza, ila alimaliza kwa siri, ndani ya bei ya nyumba, ili mtaa uone mtu aliyenunua nyumba ya thelathini na nane na usijue kwamba mpaka juzi alikuwa na deni kwa wakwe. Wazee waliohesabu pesa walikuwa wa pande zote mbili na walikaa kimya kwa heshima.

Sikumwambia Bi Zuhura. Nilikosa raha kabisa siku zile. Kila akipita ofisini kuuliza nilimjibu tusubiri baraza, naye akajibu kwamba dalali hasubiri. Kwa kazi yetu mtasikia mengi ambayo si yenu kuyasema. Mimi mwenyewe nilifungua lile faili mara nyingi nikiwa na kalamu mkononi, na kila mara nililifunga.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, feni moja ikizunguka na nyingine ikitazama. Mwenyekiti alikuwa wakili mtulivu kutoka Musoma. Kijana wa kampuni alikaa na kompyuta yake, mimi nikakaa pembeni na mafaili. Muuza dagaa alisema bei yake. Mwenye bodaboda alisema yake huku akiangalia mlango. Kisha swali nililolitegemea likaulizwa, na kijana wa kampuni akajibu kwa adabu kwamba nyumba ya karibu ndiyo kipimo bora, na mwenye nayo ameitwa na yupo.

Wambura alisimama. Alikuwa amevaa koti. Mkewe alikaa benchi la nyuma, kitenge amejifunga mabegani.

"Ulinunua kwa bei gani?" mwenyekiti akauliza.

"Thelathini na nane, mheshimiwa."

"Jirani zako walinunua ishirini na mbili. Nyumba yako ina nini cha zaidi?"

Wambura aliangalia mikono yake. Alikuwa mtu wa kujibu kabla swali halijaisha. Nilimwonea huruma. Nilimwangalia Bi Zuhura, naye alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja ile notisi na kuikunjua.

"Mzee, nimeuliza nyumba ina nini cha zaidi."

"Haina kitu," alisema Mama Ghati.

Alikuwa amesimama. Mwenyekiti akamwambia asubiri zamu yake. Akasema hana zamu, hakuitwa, lakini anachosema ni kifupi.

"Mheshimiwa, nyumba ilikuwa ishirini na mbili, kama za wenzetu. Hizo kumi na sita zilizobaki ni mimi."

Ukumbi haukuelewa. Mwenyekiti naye hakuelewa, alikuwa si mzaliwa wa huku, Musoma alihamia kikazi. "Wewe kivipi, mama?"

"Ni mahari yangu. Ng'ombe zilikuwaga zimebaki tangu nikiwa msichana. Kaka yangu alisema hawezi kumuuzia nyumba mtu ambaye hajamaliza kumuoa dada yake. Basi huyu mzee akauza ng'ombe zake, akalipa nyumba na akanilipa mimi, pesa moja, siku moja. Karatasi ikaandikwa nyumba tu." Akamgeukia Bi Zuhura. "Huyu jirani yangu mnamtoza kodi ya nyumba. Mnamtoza na ya kwangu. Mimi simo ndani ya ukuta wake."

Kuna mtu alicheka kule nyuma, akaacha mwenyewe. Mwenyekiti aliondoa miwani. Alimuuliza Wambura kama ni kweli, akamwambia pia kwamba hapa si mahali pa kumhukumu mtu kwa mambo ya nyumbani kwake, anataka bei tu.

Wambura alimgeukia mkewe. "Kweli," alisema. "Kama alivyosema."

Mwenyekiti akamuuliza kijana wa kampuni kama ana la kuongeza. Kijana alifunga kompyuta yake, akasema kwa bei hiyo hata yeye angeandika thamani nyingine. Baraza lilijadiliana kwa muda mfupi, likarudi, likashusha thamani ya Bi Zuhura iende sawa na za wenzake. Nami nikaiandika.

Nje jua lilikuwa kali. Wambura alitangulia kwa hatua ndefu, koti mkononi, hataki kutazamwa. Mkewe alimfuata nyuma bila kukimbia. Mimi na Bi Zuhura tulikuwa karibu nao, tukasikia.

"Umenivua nguo, Mama Ghati," alisema bila kugeuka. "Mbele ya watu. Na wageni wa Ghati wanakuja."

"Waje. Watakuta baba aliyemaliza."

"Watu wamejua nilikuwa nadaiwa."

"Wamejua ulilipa," alisema yeye. "Ulinilipa, ukaficha. Mimi nimekaa na hilo bila kumwambia hata dada yangu. Ulitaka nife watu wakidhani mimi bado ni wa nusu?"

Wambura alisimama. Alimngoja amfikie, na walipokuwa sambamba alichukua mkoba wa mkewe, kitu ambacho wanaume wa umri wake hawafanyi barabarani, akaubeba.

Bi Zuhura aliwaita. Alishika mkono wa Mama Ghati kwa mikono yake miwili, akaung'ang'ania.

"Ghati asinunue gauni," alisema mwishowe. "Nitamshonea mimi. Hapo hapo kwangu."